Kalenda ya Oktoba na Karatasi Inayosinyaa

Ukitaka kujua kama kalenda ya ukutani ilipangwa na mtu anayeijua mashine, achana na picha, tazama tarehe za Jumapili. Nyekundu ile si wino mmoja. Kwenye ofseti ya rangi nne hutokana na pleti ya magenta na pleti ya njano kugongwa mahali pamoja. Zikipishana hata robo ya milimita, tarakimu nyembamba huota kivuli cha njano upande mmoja na cha waridi upande wa pili.

Mbeya na Iringa kupishana huko kuna chanzo chake. Kalenda za vyama vya akiba, shule na makanisa huagizwa kuanzia Oktoba, hewa ikiwa kavu na mvua bado hazijashika. Mufindi kuna kiwanda cha karatasi, pale Mgololo, lakini zao lake ni karatasi ngumu za vifungashio. Ile laini ya kalenda hupandishwa kutoka Dar es Salaam, kwenye unyevu wa bahari, mpaka Mbeya iliyo mita 1,700 hivi juu ya usawa wake. Rimu ikifunguliwa, kingo za karatasi hukauka na kusinyaa kabla ya katikati, tena zaidi kwa kukatisha nyuzi kuliko kwa kufuata nyuzi. Kwenye mashine ya rangi moja au mbili, ambayo hulazimu karatasi kupita zaidi ya mara moja, rangi za mwisho huikuta imeshabadilika ukubwa.

Mchapaji hujihami kwa kutofungua rimu mpaka zamu yake ifike. Dizaina naye hujihami kwenye mpangilio. Siku za kazi aziweke kwa nyeusi peke yake, asilimia 100, ili zitegemee pleti moja tu. Za Jumapili na sikukuu azinenepeshe. Maandishi madogo meupe asiyatoboe ndani ya picha, maana pale pleti zote nne lazima zilingane. Ayaweke juu ya ukanda wa wino mmoja.

Kisu nacho hakikati palepale kila mara. Kalenda ya A3, milimita 297 kwa 420, faili lake liwe 303 kwa 426, rangi ya nyuma ikivuka mstari wa kukatia kwa milimita 3 kila upande. Maandishi yakae ndani walau milimita 5, na juu zaidi ya hapo kama patabanwa ukanda wa bati. Fremu nyembamba inayozunguka ukurasa karibu na ukingo ni ya kuepukwa kabisa: kisu kikiteleza milimita moja, upande mmoja utabaki na nafasi ya 4 na wa pili 2, na hata asiyejua uchapaji ataona kalenda imekwenda upande.

Picha ina hesabu zake. Kujaza upana wa A3 kwa nukta 300 kwa inchi kunahitaji pikseli 3,508. Picha iliyopitia WhatsApp mara nyingi huwa na 1,600 upande mrefu, inayotosha sentimita 13 na nusu tu. Kijani cha mashamba ya chai ya Tukuyu kinachong'aa kwenye simu hupoa kikigeuzwa kuwa wino, hivyo faili ligeuzwe mapema, mteja akubali rangi anayoweza kuipata. Nyuso ziangazwe kidogo, kwa sababu wino hutanuka: kwenye karatasi isiyo na mng'ao, nukta ya asilimia 50 yaweza kutoka kama ya 65 au zaidi, na sura za wajumbe wa bodi zikaungana na suti zao.

Kwa hiyo simu kwa mchapaji itangulie programu. Mashine yake ni ya rangi ngapi, karatasi ni ipi, na upande upi utashikwa na vishikio vya mashine? Dizaina asiyeyajua hayo atakuwa amepanga kioo cha kompyuta tu, na kioo hakisinyai.