Uhakiki wa Picha za Shaba: Tugeuze Tuone Nyuma

Mwanafunzi akitakiwa kuhakiki picha ya shaba kutoka Lubumbashi, aghalabu huandika kwamba "imechongwa kwa ustadi mkubwa", kisha hukimbilia maana ya mama mwenye mtungi. Kwa maoni yangu uhakiki huo umekufa kabla ya kuanza. Kuchonga ni kuondoa: mchongaji hutupa vibanzi vya mti hadi umbo libaki. Mfua shaba haondoi kitu. Bati lake huisha na shaba ileile (wenyewe huiita mukuba), ila imesukumwa mahali pengine.

Tena kazi yenyewe hufanywa kinyume. Bati hupashwa moto lilainike, hulazwa kifudifudi juu ya kitu kinachobonyea, kama vile lami au mfuko wa mchanga, kisha fundi hugonga mgongo wake kwa tindo butu ili shavu la mama na tumbo la mtungi vitune upande asiouona. Ndipo hugeuza na kunyoosha mipaka kwa mbele. Nyundo huigumisha shaba. Asipoirudisha motoni, hupasuka. Na kadiri inavyotuna ndivyo inavyokuwa nyembamba. Kina cha umbo, basi, ni uamuzi wenye hatari ndani yake.

Kwa kipimo hicho, nyingi kati ya picha wanazouziwa wageni hazifui dafu. Utaona mistari iliyokandamizwa kwa mbele, nukta tele za kujaza usuli, na mtungi bapa kama sahani. Huko ni kuchora juu ya shaba tu. Wanunuzi nao wana lawama: ni wangapi hugeuza picha kabla ya kulipa? Picha ya fundi hasa hujulikana kwa kidole kikipita nyuma, kikazama sana penye tumbo la mtungi na kidogo penye shingo. Hata tembo, ambaye tumemchoka, hupata uzito akifuliwa hivyo.

Ufundi huu si wa vitu vidogo pekee. Sanamu ya Uhuru ya New York, iliyozinduliwa mwaka 1886, ina ngozi ya mabati ya shaba yenye unene wa milimita 2.4 hivi, yaliyofuliwa kwa nyundo. Ingekuwa ya kusubu, uzito wake ungekuwa balaa kuusafirisha kutoka Ufaransa. Kinyume chake, misalaba ya shaba ya kale ya Katanga ni ya kusubu: shaba iliyeyushwa ikamiminwa.

Kufua, kusubu, kuchora, kuchonga: vitenzi tunavyo. Kwa kazi hii mahususi napendekeza "kutunisha kwa nyundo". Mwenye neno bora alilete idarani.