Fundi wa Mapigo

Atokaye Posta kwa miguu kwenda Kariakoo, akaiacha nyuma sanamu ya Askari katika Barabara ya Samora na kuvikata viwanja vya Mnazi Mmoja, hulisikia soko kabla hajalitia machoni. Juu ya meza za nguo, za vyombo na za chaja za simu vimewekwa vipaza sauti vidogo vilivyorekodiwa sauti za wauzaji wakitaja bei, na sauti hizo hukariri maneno yale yale tangu asubuhi hata magharibi, bila kuchoka wala kubadili lahani, hata msikilizaji aliyesimama akingoja chenji yake akatanabahi kwamba bei imekwisha kuwa wimbo. Diana Deutsch, bingwa wa elimu ya nafsi katika Chuo Kikuu cha California mjini San Diego, alilitambua jambo hilo mwaka 1995 alipokuwa akisikiliza tena na tena maelezo yake mwenyewe aliyoyarekodi: kipande cha maneno kikikaririwa bila kubadilishwa hata chembe, ubongo huacha kukipokea kama usemi ukaanza kukipokea kama uimbaji.

Ukariri huo ndio mali ghafi ya fundi ninayekusudia kumsifu. Yeye ni kijana wa Manzese, wa Tandale au wa Mburahati, aketiye mbele ya kompyuta kuukuu katika chumba chembamba kilichozibwa kwa magodoro ili sauti isitoke nje, akichukua kipande kifupi cha kinanda au cha fidla, pengine kisichozidi pumzi moja, akakizungusha, akakikimbiza, akakivika ngoma juu na besi chini, mpaka kitu kilichokuwa makombo ya wimbo wa watu wengine kikasimama kwa miguu yake kikaitwa singeli. Wenyewe humwita prodyuza, na kazi yake huiita biti. Mimi namhesabu miongoni mwa mafundi, katika daraja moja na aundaye jahazi na achongaye mlango, kwa sababu naye hufuata kipimo kisichoandikwa popote, ambacho mkono wake hukijua kabla ulimi wake haujaweza kukieleza.

Nasaba ya sanaa hii haikuanzia kwenye kompyuta. Katika ngoma za Wazaramo, wenyeji wa pwani hii, kasi ya mkono na wepesi wa kiuno vilikuwa vimekwisha pata adabu zake zamani sana. Kisha, katika miaka ya 1990, vijana wa uswahilini wakavitwaa vinanda vidogo vya Casio, vilivyotengenezwa viwe vitu vya kuchezea watoto, wakaviunganisha na vikuza sauti vichakavu na vipaza sauti vya honi, wakapiga muziki uitwao mchiriku usiku kucha katika viwanja vya arusi. Kundi moja katika hayo, Jagwa Music la Mwananyamala, lilifika hata Ulaya, na santuri yake ikatolewa Ubelgiji mwaka 2012. Upande wa pili ilikuwapo taarabu, ambayo miisho yake ya ala, pale mwimbaji anapokwisha kunyamaza na wanawake wamekwisha simama kutunza, madijei wa sherehe za mitaani zinazoitwa vigodoro waliikata, wakaikariri na kuizidishia mwendo, huku mshereheshaji akighani juu yake. Mwaka 2017 nyumba ya muziki ya Nyege Nyege Tapes, iliyoko Kampala, ilikusanya kazi za studio ya Sisso ya Mburahati katika santuri moja, na walimwengu waliodhani kuwa muziki wa mashine una maskani yake Berlin na Detroit peke yake wakasikia mapigo 200, hata 300, kwa dakika, yakitoka katika mtaa ambao wengi wao hawakupata kulisikia jina lake.

Wapo watu wazima, tena wenye heshima zao, wasemao kuwa hayo ni makelele. Nawasihi wasikilize upya, kwani elimu ya ubongo ya miaka hii ya karibuni imekuwa shahidi wa fundi. Apigiwapo mtu mapigo yenye mpangilio, hata akiwa amekaa kimya na mikono imefungamana, zile sehemu za ubongo zinazoandaa mwendo wa viungo huamka pamoja na zile za usikivu, hasa viini vya ndani kabisa ambavyo vikidhoofika mtu hupatwa na maradhi ya Parkinson. Na ndiyo maana mgonjwa wa maradhi hayo aliyekwama asiweze kuinua mguu aghalabu hutembea vizuri zaidi akisikilizishwa mdundo wa kufuata. Wala si jambo la kujifunza ukubwani: mwaka 2009 mtaalamu wa Hungaria, István Winkler, pamoja na wenzake, walionyesha kwamba ubongo wa kichanga wa siku mbili au tatu hushtuka pale pigo la kwanza la mzunguko linapoachwa. Mtoto amekuja duniani akilitarajia.

Katika matarajio hayo ndimo ilimo kazi yote ya fundi. Mwaka 2011 wataalamu wa Montreal, Valorie Salimpoor na Robert Zatorre wakiwamo, waliwapima watu walipokuwa wakisikiliza nyimbo ziwasisimuazo mwili, wakaona kuwa dopamini, ile kemikali ya ubongo ishirikianayo na hamu na raha, hutolewa mara mbili na mahali pawili: kwanza sekunde chache kabla ya kilele, nafsi ikiwa bado inangoja, kisha kilele chenyewe kifikapo. Basi mtu aliyeondoa ngoma ghafla, akaacha kinanda peke yake kikizunguka, akachelewesha besi kwa mzunguko mmoja zaidi ya vile umati ulivyodhani, hakukosea wala hakupungukiwa; amewapa wasikilizaji wake furaha ya kungoja, kisha akawalipa. Akichelewesha kupita kiasi, watu watakwenda kununua maji. Kipimo hicho hakimo katika programu yoyote ya kompyuta.

Na kasi je? Hapa nadhani wanaolaumu wamekosea zaidi, maana wameihesabu kasi ya mashine wasiitazame miguu ya mchezaji. Mwanadamu apendapo kutembea au kugonga kidole bila kushurutishwa, huelekea kwenye mapigo kama 120 kwa dakika. Na biti ya 240, mchezaji akichagua pigo moja na kuliacha moja, humrudisha pale pale. Kwa hiyo katika kigodoro utamwona binti ambaye miguu yake yafuata ngoma ya juu kwa papara, ilhali kiuno chake chazunguka kwa utulivu wa nusu au robo ya mwendo huo, kana kwamba amekaa katika saa mbili tofauti na zote ni zake. Fundi ndiye aliyezitengeneza saa hizo, moja ndani ya nyingine, akamwachia kila mtu hiari ya kuingia kwa umri wake na kwa nguvu zake. Nimewaona bibi na mjukuu wake wakiucheza wimbo mmoja bila kugombania mwendo.

Besi nayo ina siri yake. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022, watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, nchini Kanada, katika tamasha la muziki wa mashine, waliwasha na kuzima spika za sauti nzito mno, za chini ya upeo wa kusikika, pasipo hadhira kufahamishwa. Zilipowashwa watu walicheza kwa takriban asilimia 12 zaidi, wala hawakuweza kutambua wakati zilipokuwa zikilia. Yamkini sauti hizo hupita katika ngozi na katika viungo vya mizani vilivyo ndani ya sikio, zikauzungumzia mwili bila kuomba ruhusa ya akili. Vijana wanaochagua spika madukani Kariakoo, kwa kuweka kiganja kifuani badala ya kutega sikio, hufanya kipimo hicho hicho kila siku.

Uwezo wa namna hiyo ni amana. Vinyweleo vya ndani ya sikio vikifa kwa ukali wa sauti havioti tena, na fundi mwenye murua huijenga biti yake itikise bila kuumiza, kisha akamzuia mwenye spika asiifungulie mitambo hadi mwisho.

Ninalolitamani ni jambo dogo linalowezekana. Kazi nyingi za mafundi hawa zimo katika flashi na kadi za simu, zikipita mkono kwa mkono katika vibanda vya kujazia nyimbo, nazo hufa kompyuta ifapo. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni ya Bagamoyo, ambayo huwafundisha vijana ngoma na ala za jadi, ingefaa iwaite baadhi ya mafundi wa Mburahati na Manzese wakae na wanafunzi wake, kila mmoja aje na biti zake zikiwa zimefumuliwa, ngoma mbali, kinanda mbali, besi mbali, na kila kipande kiandikwe jina la aliyekitunga na mwaka aliokitunga, kisha vihifadhiwe mahali ambapo mwanafunzi wa baadaye ataweza kuvifungua na kuviunga upya.