Risasi 6,000 bila hitilafu: Colt ilithibitisha nini?

Machi 1911, huko Springfield, Massachusetts, jeshi la Marekani lilishindanisha bastola mbili: Colt iliyobuniwa na John Browning, na Savage. Kila moja ilipigishwa risasi 6,000. Kila baada ya risasi 100 iliachwa ipoe, na kila baada ya 1,000 ikasafishwa na kutiwa mafuta. Savage ilipata hitilafu 37. Colt haikupata hata moja. Tarehe 29 mwezi huohuo Colt ilikubaliwa rasmi, na ndiyo M1911 inayojulikana mpaka leo.

Wengi huisifu ile sifuri. Kinachostahili sifa zaidi ni 6,000. Hitilafu 37 katika risasi 6,000 ni wastani wa moja kwa kila risasi 162. Sasa chukua bastola ya kiwango hicho, kiwango ambacho jeshi lilikikataa, uipime kwa boksi mbili za risasi hamsini hamsini, kama wafanyavyo wanunuzi wengi. Ikiwa hitilafu hutokea bila mpangilio, uwezekano wa kuzimaliza zote 100 bila tatizo ni asilimia 54. Ukipiga 200, bado ni asilimia 29. Kwa maneno mengine, jaribio la risasi 100 lingeipitisha Savage zaidi ya nusu ya nyakati.

Watakwimu wana kanuni nyepesi ya kupima jambo hili. Ukipiga risasi kadhaa bila hitilafu, gawanya 3 kwa idadi yake. Jibu ni kikomo cha juu cha kiwango cha hitilafu, kwa uhakika wa asilimia 95. Risasi 200 safi zinakuambia tu kwamba hitilafu huenda zisizidi moja katika risasi 67. Risasi 6,000 safi zinakufikisha kwenye moja katika 2,000. Anayeibeba bastola kulinda uhai wake aujue umbali ulio kati ya namba hizo mbili.

Hata hivyo 6,000 zile zilithibitisha jozi: bastola ile pamoja na risasi ile, yenye kichwa cha mviringo kilichovikwa metali, uzito wake karibu gramu 15. Miaka mingi baadaye, risasi zenye tundu kichwani zilipoenea, M1911 nyingi zilianza kukwama. Sababu yake inaonekana kwa macho ukiirudisha slaidi polepole kwa mkono, ukitumia risasi bandia za mazoezi. Slaidi inaisukuma risasi kutoka kwenye magazini, ncha yake inagonga mteremko uliochongwa kwenye fremu, inaruka mwanya mwembamba usiofika milimita moja, kisha inapanda mteremko wa pili kwenye mtutu na kuingia chemba. Wakati huohuo ukingo wa kitako cha ganda unateleza kwenda juu mpaka ukae chini ya kulabu inayolivuta ganda nje. Kichwa cha mviringo hupita njia hiyo bila shida. Kichwa kifupi chenye mdomo mpana huweza kugota kwenye mteremko, risasi ikasimama nusu njia, slaidi ikabaki wazi. Mafundi wakawa wanaisugua na kuipanua njia hiyo, bastola moja baada ya nyingine.

Hapo ndipo ilipozaliwa imani kwamba kichwa cha mviringo hakikwami kamwe. Imani hiyo ilipata jibu zito kwenye majaribio ya bastola mpya za jeshi hilohilo la Marekani, XM17 na ndogo yake XM18, zote za SIG Sauer, yaliyoripotiwa na Wizara ya Ulinzi mwanzoni mwa 2018. Kwa risasi za kichwa cha mviringo, XM17 ilisimama mara moja kwa wastani wa kila risasi 343. Kwa risasi zenye tundu, 708. Kwa XM18 tofauti ilikuwa kubwa zaidi: 197 dhidi ya 950. Asilimia 60 ya mikwamo ilitokana na slaidi kutofunga nyuma baada ya risasi ya mwisho, na ripoti iliihusisha hasa na namna askari walivyoishika bastola, kidole kikigusa kitasa cha slaidi. Kwa hiyo mkono nao ni sehemu ya kinachopimwa, sawa na magazini. Bastola iliyofaulu mikononi mwa fundi haijafaulu bado mikononi mwa mwenyewe, na kila magazini atakayoibeba inadai risasi zake za majaribio.

Kuna hitilafu nyingine kwenye ripoti hiyo ambayo kwangu ndiyo ya kutisha kuliko zote. Kwa risasi za kichwa cha mviringo pekee, bastola wakati mwingine ilitupa ganda tupu pamoja na risasi nzima ambayo haijapigwa. Anayehesabu mikwamo tu anaweza asiione, kwa kuwa bastola huenda ikaendelea kufyatua. Ataigundua yule anayejua aliingiza risasi ngapi kwenye magazini, akahesabu milio, kisha akainama kuokota kilichoanguka chini.