Tusitafsiri neno kabla ya kukielewa kitu

MWANAFUNZI wa uzamifu katika kemia aliniletea juzi ikisiri ya tasnifu yake. Alikuwa ameitafsiri kwa Kiswahili ili watu wa kwao Kwale wajue anachosomea. Kichwa kilisema: ‘Madini Adimu Tata kwa Taa Hai za Nuru Nyekundu.’

Sarufi haikuwa na doa. Nilishika kalamu niipitishe, kisha nikasita. “Mwanangu, taa hai ni taa gani?”

Akacheka. “Prof, hata mimi sijui. Nilifuata kamusi tu.”

Hapo ndipo penye kasoro. ‘Hai’ lina mashiko shambani, kwenye kilimo hai. Katika kemia, kinachokusudiwa ni misombo iliyojengwa kwa kaboni. Taa zenyewe ni diodi za tabaka nyembamba za misombo hiyo, zinazotoa mwanga umeme ukipita. Tang na VanSlyke wa kampuni ya Kodak walizieleza mwaka wa 1987, na leo zimo katika vioo vya simu nyingi.

‘Tata’ ni kosa zito zaidi. Jambo tata hutatiza. Mwanakemia anazungumzia ioni ya metali iliyozungukwa na molekuli zilizoshikamana nayo. Sisi walimu wa sarufi tunalo neno: changamano. Katika sentensi changamano, vishazi hutegemeana. Hapa vilevile, ioni ya lanthanaidi peke yake hufyonza mwanga kwa shida mno. Molekuli zinazoizunguka, yaani ligandi, ndizo huinasa nishati na kuikabidhi ioni, mfano wa antena. ‘Changamano’ linaubeba uhusiano huo, ‘tata’ linaufukia.

Na ‘adimu’ je? Mlima wa Mrima, huko huko Kwale, ukitajwa, sote huandika ‘madini adimu’. Nami nimeandika hivyo. Lakini seriamu, mojawapo ya lanthanaidi, imo katika gamba la dunia kwa kiasi kinachokaribia kile cha shaba. Ugumu ni kuzitenganisha, maana zinafanana mno kitabia. Mosander, aliyeitambua lanthanamu mwaka wa 1839, aliipa jina kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kujificha. Alikuwa mkweli kutushinda.

Lililoniuma hasa ni ‘nuru nyekundu’. Jicho letu huishia takriban nanomita 700. Itabiamu hutoa mwanga wa takriban nanomita 980, neodimiamu 1,060, na ebiamu 1,540. Huo ni infraredi ya karibu, na hakuna jicho litakaloona wekundu wowote hapo. Mwanga wa ebiamu una thamani kwa sababu hupotea kidogo sana ndani ya nyaya za kioo zinazobeba intaneti. Ukiuita mwekundu, umefuta sababu nzima ya utafiti.

Tulikaa saa nzima. Mwishowe akaandika: ‘Changamano za Lanthanaidi kwa Diodi za Misombo ya Kaboni Zitoazo Infraredi ya Karibu.’ Ni kirefu, naam. Nikamuuliza mamake angeambiwaje. Akajibu bila kufungua kamusi: “Ni metali inayopokezwa nguvu na majirani zake, ikatoa mwanga ambao jicho halioni.”

Wapo wanaodai Kiswahili hakiiwezi sayansi. Ikisiri ile ya kwanza ingewapa ushahidi, ilhali kosa halikuwa la lugha. Lilikuwa letu, mwanafunzi aliyetafsiri asichokiuliza, na profesa aliyekuwa tayari kutia saini.