Kitako: Jinsi ya Kulihukumu Sanduku Lisilo na Feni

Hapa Kalemie nimewasikia watu wenye akili zao wakilisifu sanduku la inveta lililotundikwa katika ukuta wa duka moja lielekealo ziwani, wakisema kuwa ni kazi ya ustadi, kwa sababu limesuguliwa likang'aa hata mtu aweza kuuona uso wake humo, na kwa sababu mapezi yake ni mengi na yamebanana kama meno ya kitana. Na kwa kuwa kuzinyamazia sifa za namna hiyo ni kuidhulumu sanaa, nimeona wajibu kueleza jinsi sanduku lililofungwa, lisilo na feni wala tundu, lipaswavyo kuhukumiwa.

Tuanze na huo mng'aro. Alumini iliyosuguliwa hutoa kwa mnururisho si zaidi ya sehemu 1 katika 10 ya joto ambalo uso uliopakwa rangi ungelitoa, na pasipo feni hasara hiyo si ndogo. Kwa sanduku la juani, rangi nyeupe ndiyo afadhali kuliko zote, kwani huirudisha miali ya jua, ambayo adhuhuri hukaribia wati 1000 kwa kila mita ya mraba, ilhali joto la ndani hulitoa sawasawa na rangi nyeusi. Mapezi yasimame wima ili hewa ya moto ipande baina yao, na ncha ya kidole isipoingia kati ya pezi na pezi, hilo ni pambo. Tena hewa yetu, mita zipatazo 770 juu ya bahari, ni nyepesi kwa sehemu kama 7 katika 100 kuliko ile ya pwani, basi mapezi yaachane zaidi. Vichwa vya parafujo vielekee upande mmoja. Fundi asiyejali hilo hajali kitu.

Lakini hayo yote ni zahiri. Batini ya kazi hii iko pahali ambapo mnunuzi hapatazami kamwe, napo ni kitakoni, pale mgongo wa transista ulalapo juu ya ukuta wa sanduku, eneo lisilozidi sana ukucha wa dole gumba, nalo ndilo mlango wa joto lote. Vyuma viwili, hata vikionekana vimenyooka, hugusana kwa vilele vichache tu, na mabondeni hukaa hewa, ambayo uwezo wake wa kupitisha joto ni duni mara elfu kadhaa kuliko ule wa alumini. Ndiyo sababu twapaka marhamu nyeupe. Si kwamba marhamu ni njia njema, maana nayo ni duni kuliko alumini kwa zaidi ya mara 100, ila hewa ni duni zaidi. Kazi yake ni kujaza mabonde basi. Transista itoayo wati 20 kupitia kitako cha sentimita 3 za mraba, marhamu ya kawaida ikiwa na unene wa milimita 0.05, hupoteza digrii kama 3 tu njiani. Marhamu hiyo hiyo ikirundikwa hadi milimita 0.5, hupotea digrii 33, na mapezi yote ya dunia hayawezi kuzirudisha. Kadhalika rangi iliyoachwa chini ya kitako ni kosa, na kipande cha ulanga cha kuzuia umeme kisichopakwa marhamu pande zote mbili ni kosa.

Palikuwa na mzee mmoja, fundi wa redio karibu na stesheni ya reli, aliyepaka masizi na mafuta juu ya kioo, akaulaza ukuta wa sanduku hapo, kisha akauinua na kuvisugua kwa msasa vile vilele vilivyoshika weusi, akarudia na kurudia hata weusi ukaenea pote. Alipokwisha kupaka marhamu na kukaza parafujo kwa zamu, kidogo huku na kidogo kule, alizifungua zote tena, akaing'oa transista, akaitazama alama iliyobaki: utando mwembamba uonyeshao chuma chini yake, alikubali, weupe mzito katikati, alifuta akaanza upya. Sijaona kijana afanyaye hivyo leo.

Nimemjua pia mlaghai aliyetoboa matundu mgongoni mwa sanduku, akaliuza kuwa limefungwa; likapoa vyema hata mvua zilipoanza, unyevu wa ziwa ukaingia pamoja na sisimizi, shaba ya bodi ikafanya kutu ya kijani. Mwingine aligandisha mapezi kwa gundi juu ya rangi.

Hawa wangejifunza lau wangezitazama transfoma za mafuta zinazopokea umeme wa kituo cha maji cha Bendera, ambamo mafuta yaliyopata moto hupanda, yakapoea kwenye mabomba ya pembeni, yakashuka, pasipo feni wala kelele, miaka na miaka. Watu wa zamani walisubu vyombo vizito, wakaliacha joto lijiendee lenyewe.

Muuzaji akikataa kulifungua sanduku, na libebe mzigo saa nzima, kisha uguse ukuta ulio nyuma ya transista, halafu kifuniko. Ukuta ukiwa na joto zaidi, kitako ni chema. Kifuniko kikiushinda, joto limekosa mlango na linazurura humo ndani likiziua kapasita, ambazo umri wake hupungua kwa nusu kwa kila digrii 10 zizidizo, nami silinunui hata kwa nusu ya bei.