Usingizi wa Pono

Mtu akilala fofofo hata ukamtikisa asijigeuze, sisi watu wa pwani husema ana usingizi wa pono. Na usingizi huo huo tunaoufanyia mzaha ndio uliowawezesha wataalamu kufumbua fumbo lililomhusu samaki mwenyewe.

Kwamba pono mchana kutwa huguguna mwamba kwa meno yaliyoshikana mfano wa mdomo wa kasuku, akausaga kwa meno mengine yaliyo kooni, kisha akaunya mchanga mweupe, hilo lina wasimulizi wengi, nami naliacha. Ajabu yake ni ya usiku. Magharibi ikishaingia, baadhi ya pono hujipenyeza katika nyufa za matumbawe, wakatoa ute mwangavu katika tezi zilizo karibu na matamvua, ute ukatanda taratibu hata, kwa muda upatao saa moja, mwili mzima ukawa ndani ya mfuko.

Wa nini mfuko huo? Dhana ya zamani ilisema ni sitara ya kuficha harufu, ili mkunga, awindaye usiku kwa kunusa, apite asitambue. Alexandra Grutter wa Chuo Kikuu cha Queensland na wenzake, waliofanya kazi yao Lizard Island, Australia, na kuichapisha mwaka 2011, walimshuku adui mdogo zaidi: vidudu vinyonyavyo damu, jamaa wa mbali wa kamba na kaa, ambavyo mchana huliwa na samaki wasafishaji, lakini usiku wasafishaji nao wamelala.

Kulithibitisha hilo kulihitaji pono wawili walio sawa kwa kila hali isipokuwa mfuko, na hapo ndipo penye ustadi, kwani pono akiamshwa hujitikisa na mizani ikapotea. Basi wakawasukuma baadhi yao polepole nje ya ute, nao, kwa tabia yao ijulikanayo, hawakuamka. Vidudu vilipoachiliwa, walioumwa miongoni mwa waliovuliwa mfuko walizidi 9 katika kila 10, hali miongoni mwa waliosalia ndani yake aliumwa takriban 1 tu katika 10.

Chandarua, basi, na cha bei nafuu: ilikadiriwa kuwa humgharimu pono kama asilimia 2.5 ya nguvu zake za siku. Mkunga, hata hivyo, hakuitwa shahidi katika kesi hii, na shutuma yake ya zamani ingali palepale.