Meseji Tano za Mwisho

Mwandishi wa habari wa Goma akitumiwa vitisho kwenye WhatsApp, njia ya kuripoti iko mkononi mwake, lakini inafaa kuangalia ripoti hiyo inakwenda wapi. Tangu Aprili 2016 mazungumzo ya WhatsApp yamefungwa kwa msimbo ambao hata kampuni yenyewe haina ufunguo wake. Anayeripoti ndiye anayefungua: simu yake inaipelekea kampuni meseji tano za mwisho za mtishaji, pamoja na utambulisho wa akaunti na wakati zilipotumwa, naye mtumaji haambiwi. Mwaka 2021 ProPublica ilieleza kwamba wanaozipokea ni wafanyakazi wa mkataba zaidi ya 1,000 walioko Austin, Dublin na Singapore. Kwa tapeli anayesambaza uongo uleule kwa mamia ya watu, utaratibu huu unatosha. Kitisho ni jambo jingine. “Bado unalala Katindo?”, mtaa wa Goma, ni maneno ya kawaida kabisa kwa msomaji aliye Dublin; uzito wake umo katika meseji ya ishirini nyuma, au katika simu iliyopigwa jana usiku. Ninavyoona, utaratibu huu ulitengenezwa kusafisha huduma, na aliyetishwa hakufikiriwa kama mtu atakayehitaji ushahidi.

Tazama kinachofuata. Palepale pa kuripoti, programu inatoa nafasi ya kumzuia mtumaji na kufuta mazungumzo, kwa mguso mmoja. Namba inazuiwa, mtishaji anatafuta laini nyingine, na aliyetishwa anabaki mikono mitupu. Mazungumzo ya siri ya Messenger, programu ya Facebook, yaliyoanza 2016, yalipiga hatua: kila meseji hubeba muhuri, na ikiripotiwa kampuni huweza kuhakikisha kwamba ilitumwa kweli na haikubuniwa. Lakini ufunguo wa kuusoma muhuri huo inao Facebook peke yake. Kongo ina Sheria ya Kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023, inayoadhibu unyanyasaji wa mtandaoni; hakimu anayetumia sheria hiyo hawezi kuuthibitisha muhuri huo mwenyewe.

Kuna watakaosema muhuri unaosomeka na kila mtu ni hatari, na hapo wana haki: simu ya mwandishi ikiangukia mikononi mwa wenye silaha, kila neno alilomwandikia mtoa habari wake lingekuwa na uthibitisho dhidi yake. Kwa sababu hiyohiyo kufuta mazungumzo Goma ni kinga, wala si uzembe. Lakini hoja hiyo inadai nakala itoke kwenye simu kabla ya kufutwa, haidai ipotee. Kampuni ya WhatsApp tayari imeshapokea zile meseji tano. Ingeweza kumtunzia mlalamikaji, akiomba mwenyewe, nakala iliyothibitishwa, aidai siku atakapokuwa salama. Baada ya waasi wa M23 kuuteka mji mwishoni mwa Januari 2025, mahakama za serikali ya Kinshasa zilisimama Goma, na siku hiyo inaweza kuwa mbali. Picha ya skrini iliyopelekwa kwa ndugu aliye Nairobi ndiyo inayofanya kazi hiyo kwa sasa, bila muhuri wowote.